Ukinipa Wimbo, Nipe na Jina

Tuongee kidogo habari ya nyimbo mpya. Nazungumzia zile zisizo na meneja wala mabango barabarani, zile ambazo hakuna aliyezilipia promo. Kuna mtu kazitunga, kazirekodi kwenye chumba cha kupanga chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, kisha kaziachia mitandaoni zijitafutie riziki. Vijana humwita msanii wa aina hiyo andagraundi. Wengine husema msanii anayejitegemea. Vyovyote umwitavyo, mimi nawapenda sana watu hawa, na nikishatoka hapa studio kazi yangu ya mwaka mzima ni kuwatafuta.

Desemba ikikaribia huwa naulizwa swali lile lile: nyimbo zako bora za mwaka huu ni zipi? Swali zuri, na huwa nalijibu kwa furaha. Ila Desemba ni kuchelewa. Aliyetoa wimbo wake mwezi Machi anahitaji msikilizaji mwezi Machi, wakati mwenye nyumba anagonga mlango akidai kodi, na yeye bado anajiuliza arekodi wa pili au arudi kwenye bodaboda. Orodha ya mwisho wa mwaka humkuta keshakata tamaa, au keshatoboa na hatuhitaji tena mimi wala wewe. Kwa hiyo nasema tutafute na tupitishiane mwaka mzima, kila tunapokutana na kitu kizuri. Na katika kupitishiana huko nina ombi moja, nitalifikia.

Kwanza tujipe haki yetu. Kupitishiana nyimbo hakuna aliyetufundisha. Enzi za kanda, dereva wa daladala wa Dar es Salaam alikuwa na nguvu kuliko mtangazaji yeyote. Kwa mfano, muziki wa mchiriku haukupewa nafasi kubwa redioni miaka ya tisini. Wengi waliuita muziki wa wahuni. Lakini ulisafiri. Kundi la Jagwa Music, lililoanza mwaka 1992, lilipiga kwenye harusi na sherehe za uswahilini kwa kinanda kidogo cha Casio kilichochomekwa kwenye vipaza sauti chakavu, ngoma zikirindima nyuma, mwimbaji akipiga kelele juu yake. Kanda zao zilizunguka mjini ndani ya daladala, abiria akishuka Magomeni na wimbo kichwani ambao hakuna kituo kilichoupiga. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads, na wakaalikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Ilikuwa imepita miaka ishirini tangu waanze.

Baada ya kanda ikaja memori kadi. Hapo naomba tusimame kidogo. Nenda kwenye kibanda chochote cha fundi simu, Buguruni, Manzese, au stendi ya mkoani. Unampa kijana memori kadi yako, anaichomeka kwenye kompyuta, anakuuliza unataka nini: singeli, taarabu, gospeli, za zamani? Anakuonyesha mafolda. SINGELI KALI. TAARABU MCHANGANYIKO. ZILIPENDWA. Anaburuta mia mbili kwa mpigo, unalipa, unaondoka. Ukifika nyumbani ukalitazama jina la wimbo uliokugusa moyo, unakuta limeandikwa Track 07. Au unakuta jina la tovuti iliyoupandisha. Au wimbo wenyewe unaanza na sauti ya DJ akijitaja mara tatu, halafu mwimbaji anaingia, anaimba hadi mwisho na kuondoka bila kujulikana. Utaupenda, utaurusha kwa bluetooth kwa shemeji, shemeji ataurusha kwa jirani, na aliyeutunga anaweza kuwa amekaa mtaa wa pili akikosa nauli.

Hilo ndilo linaloniuma. Nyimbo zetu hazikosi mikono ya kuzisafirisha. Zinakosa majina njiani.

Tazama singeli. Huu ni muziki uliozaliwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mitaani za uswahilini Dar es Salaam, vijana wakichukua vipande vya taarabu na mchiriku, wakaviongeza kasi hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na MC akachana juu yake bila kuvuta pumzi. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila, hao majina yao yalifika redioni, na nafurahi. Lakini nyuma yao kuna waliotengeneza midundo. Katika studio ya Sisso, Mburahati, kulikuwa na vijana kama Bamba Pana, Jay Mitta na Sisso mwenyewe, wakifanya kazi usiku na mchana. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi zao kwenye albamu iitwayo Sounds of Sisso. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana. Mwaka 2019 ikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na Uingizaji Hewa ya Duke. Waandishi wa muziki wa Ulaya wakashangilia, na vijana wetu wakapata mialiko ya kupiga huko.

Sasa nikuulize, watu wa Kampala walifanya nini ambacho fundi simu wa Manzese hakufanya? Walisikiliza, na yeye alisikiliza. Walisambaza, na yeye alisambaza, tena yeye alianza zamani. Tofauti ni kwamba wao waliandika: mdundo huu katengeneza fulani, MC ni fulani, studio ni hii, mtaa ni huu, mji ni Dar es Salaam. Wimbo ulipofika Berlin au London, mtu akiupenda alijua amtafute nani na pesa ampe nani. Sisi tulikuwa na nyimbo hizo hizo kwenye simu zetu, nyingi zaidi ya zao, tukazisikiliza hadi zikatuchosha, tukazifuta kupisha nyingine.

Na kutaja majina si jambo geni kwetu, jamani. Redio zetu za Kiswahili zimekuzwa na salamu. Wakubwa mnazikumbuka kadi za salamu: mimi fulani bin fulani wa Sikonge, Tabora, nawasalimu baba na mama, kaka yangu aliyeko Tanga, shangazi aliyeko Kigoma, na wote wanaonifahamu. Mtangazaji alisoma majina kumi, ishirini, pole pole, bila kuruka hata moja, maana alijua kuna mtu mahali fulani amekaa karibu na redio akingoja la kwake. Adabu ile ile tukimpa aliyepiga gitaa, tutakuwa tumefanya kubwa.

Niliyejifunza kwake kazi hii kwa mbali ni mtangazaji John Peel wa BBC, Uingereza. Aliingia Radio 1 mwaka 1967 na alibaki hapo hadi alipofariki Oktoba 2004. Bendi changa zilimtumia kanda kutoka kila kona, naye akazisikiliza. Septemba 1978 alipokea wimbo wa vijana wa Derry, Ireland ya Kaskazini, bendi ya The Undertones, uliotolewa na lebo ndogo ya Belfast, akaupenda kiasi kwamba aliupiga mara mbili mfululizo. Mwaka 1986 albamu ya Bhundu Boys wa Zimbabwe ilipofika Uingereza, yeye na mwenzake Andy Kershaw waliipigania hadi Waingereza wasiojua neno la Kishona wakaicheza. Mwisho wa mwaka wasikilizaji wake walipiga kura ya nyimbo hamsini, ndiyo, orodha ya Desemba ilikuwepo. Ila waliopiga kura walikuwa wamekaa naye usiku baada ya usiku tangu Januari, wanazijua bendi kwa majina. Orodha ilikuwa mavuno ya mwaka mzima wa kusikiliza.

Nani atamwambia aanzie wapi mtu asiyejua pa kuanzia? Kwangu mimi mwaka wa muziki huanza Februari, Unguja. Tamasha la Sauti za Busara limekuwepo tangu mwaka 2004, ndani ya Ngome Kongwe, pale pale ng'ambo ya Forodhani. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na wengi tuliogopa kwamba ndiyo basi tena, lakini lilirudi. Sharti lake nalipenda: hakuna kuimbia sidii. Kila anayepanda jukwaani apige na aimbe mwenyewe, kwa sauti yake ya siku hiyo. Sharti hilo humfunua msanii. Kuna wenye jina kubwa ambao ukiwaondolea kompyuta hubaki wamesimama tu, na kuna binti ambaye hujamsikia hata siku moja, anakaa kwenye kiti, anakumbatia udi, na ngome nzima inanyamaza.

Namzungumzia Siti Amina. Alipitia chuo cha muziki cha pale Mji Mkongwe, kile cha Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002, akakutana huko na Gora Mohamed Gora mpiga kanuni na wenzao wengine, wakaunda Siti & the Band. Albamu yao ya mwaka 2018, Fusing the Roots, inabeba taarabu bila kuigandisha kwenye makumbusho. Hakuna kampuni kubwa nyuma yao. Ukiisikiliza, anza kwa kuifuata kanuni peke yake, acha sauti ya mwimbaji ipite, fuata vidole vya Gora vinavyomjibu kila anaponyamaza. Kisha rudia, sasa umfuate Siti. Utakuwa umesikia nyimbo mbili ndani ya moja. Nikimpa mtu wimbo huwa namwelekeza sikio mahali namna hii, kwa sababu wimbo mgeni ukitupwa tu kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya picha za harusi na matangazo ya msiba, hakuna atakayeufungua.

Wengine nawapata kwa kufuata ukoo. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, alifariki mwaka 2003 akiwa amezipeleka ala za ilimba na zeze duniani kote. Wanawake wa familia ile waliimba nyuma yake miaka yote, wakapiga ngoma za muheme, ambazo kwa Wagogo ni ngoma za wanawake, lakini mbele walikaa wanaume. Mwaka 2024 binti yake, Pendo, na mjukuu wake, Leah, wakatoka mbele kwa jina la The Zawose Queens, na albamu yao ya kwanza, Maisha, ikatolewa na Real World Records ya Uingereza. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimamisha kila nilichokuwa nafanya. Sauti mbili za kike zinapanda pamoja, moja inabaki juu, nyingine inateleza chini taratibu, na katikati yake vyuma vyembamba vya ilimba vinavuma. Nawasihi waandishi wa magazeti na watangazaji wenzangu: akina mama hawa wako Bagamoyo, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Dar es Salaam. Tusingoje Uingereza itutambulishe kwao.

Nairobi nako ametoka kijana mmoja, Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU. Kazi yake haina ngoma wala kiitikio. Ananasa sauti za mahali, anazitandaza, anazichanganya na mivumo ya umeme, na inahitaji usiku mtulivu na vipokea sauti masikioni. Si wa kila mtu, nami simlazimishi mtu. Nimemtaja kwa sababu nyingine. Babu yake, aliyekuwa na jina hilo hilo, ni yule Joseph Kamaru mwimbaji mkubwa wa Kikuyu, aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu amezikusanya rekodi za babu, akazisafisha, akaziweka mtandaoni kwenye Bandcamp ziuzwe kwa jina la mwenyewe. Wimbo uliozunguka miaka hamsini kwenye matatu na mabaa sasa una mahali pa kununuliwa, na jina la babu lipo pale pale juu yake. Kwangu hiyo ni kazi ya heshima kuliko albamu nyingi mpya.

Nimeitaja Bandcamp, basi niguse pesa kidogo, maana mapenzi matupu hayalipi umeme wa studio. Pale unanunua wimbo moja kwa moja kwa msanii. Kampuni hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambapo huiachia sehemu yake yote imfikie msanii. Najua wengi wetu hatuna kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Sawa. Nunua tiketi ya onyesho lake badala ya kuomba jina lako liandikwe mlangoni. Nunua fulana yake. Muulize namba yake ya kupokelea pesa kwa simu, umtumie hata elfu mbili, uandike: nimeupenda wimbo wako. Wasanii wengi hawajawahi kupokea ujumbe wa namna hiyo.

Na huko Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, kuna kanuni ambayo kila mpenda muziki anapaswa kuijua. Tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi senti. Na haitoshi mtu mmoja kuuachia ujirudie usiku kucha, wanataka wasikilizaji mbalimbali. Kwa msanii mkubwa elfu moja ni dakika chache. Kwa yule wa Mbagala aliyerekodi kwa pesa ya kibarua ni ukuta. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Watu 20, kila mmoja ausikilize mara moja tu kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Ishirini mara hamsini na mbili ni 1,040. Umeona? Watu ishirini ni kijiwe kimoja cha kahawa, au kwaya ya mtaa. Malipo yenyewe ni madogo, sitakudanganya, ila hesabu hii haikubali mtindo wa Desemba. Inataka watu wachache waaminifu walioanza mapema na hawakuacha.

Mimi nina daftari la shule, la kawaida, nalibeba kwenye begi. Nikisikia wimbo kwenye daladala, naandika maneno mawili matatu ya kiitikio na njia niliyokuwamo. Nikipata nafasi namuuliza kondakta, na makondakta wanajua kuliko mitandao. Nikilipata jina, naandika mstari mmoja: aliyeimba, aliyetengeneza mdundo, anakotoka, na kilichonishika. Kila mwisho wa mwezi nachagua wimbo mmoja, mmoja tu, nampelekea mtu mmoja ninayeamini utamfaa. Dada yangu mpenda kwaya hapelekewi singeli ya mapigo 200. Anapelekewa Pendo na Leah. Mpwa wangu anayejifunza kutengeneza midundo anapelekewa Jay Mitta, pamoja na maelezo kwamba jamaa huyu hakuwa na vifaa zaidi ya alivyonavyo yeye. Ukimpelekea mtu nyimbo hamsini umempa kazi. Ukimpelekea mmoja, na ukamwambia kwa nini umemfikiria yeye, atausikiliza hadi mwisho.

Wenye vibanda vya kuingiza nyimbo, nanyi nawaomba. Ninyi ndio maktaba za nchi hii, mkubali msikubali. Lile folda la SINGELI KALI lipeni nusu saa jioni wateja wakipungua, andikeni jina la msanii mbele ya kila wimbo mnaoujua. Msioujua, muulizeni mteja, kuna atakayejua. MaDJ, jitajeni mara moja, inatosha, kisha mtajeni aliyeimba. Na sisi watangazaji, tuache kuupiga wimbo mpya na kuingia kwenye tangazo la sabuni bila kusema ni wa nani.

Sasa ombi langu kwako, msikilizaji. Wiki hii nitumie ujumbe kupitia namba ya kituo utakayosomewa kipindi kikimalizika. Nitumie wimbo mmoja mpya wa msanii anayejitegemea, wa mwaka huu, ulioupenda kweli. Andika jina la wimbo, jina la aliyeimba, aliyepiga au aliyetengeneza mdundo kama unamfahamu, mtaa au kijiji anakotoka, na sentensi moja ya kilichokushika. Kama msanii ni wewe mwenyewe, usione haya, tuma. Kama una wimbo usioujua ni wa nani, tuma pia, tutauliza hapa hewani mpaka mwenyewe apatikane. Juma lijalo, saa kama hii, nitaanza na nyimbo zenu, na majina yote nitayasoma mara mbili: kabla ya wimbo kuanza na baada ya kwisha.